Naomba ushauri: DX7 inanitoa jasho

Wakuu, habari za muda huu. Niko Mbeya, Mwanjelwa, napiga kinanda kwaya ya kanisani. Nimepata Yamaha DX7, kinanda cha kielektroniki cha kutengenezea sauti (sinthesaiza), toleo lile la 1983. Sauti 32 zilizomo ni tamu, shida ni kutengeneza yangu. Haina nobu za kuzungusha. Ni vitufe bapa, kitelezi kimoja cha kubadili namba na kioo cha mistari miwili. Opereta (vizalishi vya mawimbi ya sauti) 6, algorithi (namna za kuziunganisha opereta) 32! Nikipandisha opereta hii, piano inageuka kengele. Nikipandisha ile, sauti inaongezeka tu.

Nataka besi nzito ya sebene. Nizime opereta nyingine nianze na mbili tu, au nirekebishe sauti iliyopo? Halafu betri ya ndani inayotunza sauti, fundi redio akiibadilisha zitafutika? (YouTube nimeshapita, wanakimbia mno.)