BTP kando ya ziwa: projekta ikizimwa, darasa nalo linazima

Kalamu_ya_Igombe ameandika:

Habari za jioni walimu wenzangu na wakongwe wa jukwaa. Niko BTP (mazoezi ya kufundisha ya chuo) katika shule moja ya kata huku Ilemela, Mwanza, jirani kabisa na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nafundisha Fizikia na Hisabati. Chuo kimetuagiza kila mmoja aandike tafakuri kuhusu teknolojia na motisha ya mwanafunzi. Nikiandika ninachokiona kwa macho yangu, nitapingana na nusu ya makabrasha tuliyopewa. Naombeni mawazo kabla sijaikabidhi.

Hali yenyewe ni hii. Umeme upo, Luku ikiwa na uniti. Projekta ipo moja, inakaa kwenye kabati la mwalimu wa taaluma. Walimu wana vile vishikwambi vilivyobaki baada ya Sensa ya 2022. Wanafunzi simu ni marufuku, kwa hiyo chochote chenye kioo kinachoingia darasani kimeletwa na mwalimu na kitaondoka na mwalimu.

Siku nikionekana na projekta, Kidato cha Pili wanashangilia nikiwa bado koridoni. "Madamu, leo sinema!" Wa nyuma wanahamia mbele. Mapazia hatuna, basi wanavua masweta wanayatundika madirishani bila kuombwa. Nikiweka video ya elektroni zinatembea ndani ya waya, darasa kimya, macho yote ukutani. Mkufunzi wangu alikuja kunikagua siku ya namna hiyo, akaandika kwenye fomu "hamasa ya wanafunzi ni ya juu sana".

Kipindi kinachofuata nauliza: tulipounga taa mbili kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, kwa nini zote zilififia? Hakuna mkono. Naandika swali ubaoni, wananakili swali. Binti mmoja mwenye mwandiko mzuri ajabu aliniambia baadaye kwamba kwenye video yeye alikuwa anaangalia rangi, maana yule mzungu anayeongea "anakimbia sana". Hawa watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla Fizikia ni Kiingereza, halafu mimi nawaletea Kiingereza cha Marekani kinachokwenda mwendokasi.

Chumba cha jirani kuna mzee wa Jiografia. Chaki, ubao, ramani ya ziwa aliyoichora kwa mkono kwenye gunia la saruji. Darasa lake wanabishana mpaka nawasikia ukutani. Juzi ilikuwa kuhusu ule upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda ziwani. Watoto wa wavuvi wanamkatalia mwalimu kuhusu saa unapoanza kuvuma, yeye anawachochea wabishe zaidi. Hakuna hata waya mmoja mle ndani.

Halafu kuna jambo ambalo makabrasha hayaligusi kabisa: giza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta vizuri pale ambapo hakuna mbalamwezi. Siku za giza wavulana wangu wanakesha mwaloni, wanapakua, wanabeba, wanalipwa. Asubuhi wanalala juu ya madawati. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi unapumzika na darasa linajaa. Mwalimu wa zamu hapa anatabiri mahudhurio kwa kutazama mbingu, na hakosei. Mwanafunzi ambaye usiku ameshika hela yake mwenyewe, video yangu ya elektroni inamwambia nini?

Ndiyo maana nauliza: teknolojia inaongeza motisha, au inaongeza shangwe tu? Na nikiandika hivyo, mkufunzi si atasema sijasoma?

---

Chaki_na_Jasho:

Mnajadili motisha ya mwanafunzi, ya mwalimu nani anaijadili? Haya, natania. Dada, usijitafutie makuu. Andika wanachotaka, pata alama zako, ukiajiriwa ndipo ufundishe unavyojua. Sisi sote tulipita hapo.

---

Fizikia_Nyamagana:

Mkuu hapo juu usimpotoshe binti. Tafakuri ya kuwaridhisha watu haimsaidii hata anayeisoma.

Mwalimu, hujakosea kuona unachokiona, na kimeshaandikwa na watu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Clark alipitia tafiti nyingi za kulinganisha vyombo vya kufundishia, akasema chombo ni kama lori linaloleta vyakula dukani: lori haliongezi lishe, lishe iko kwenye mzigo. Akasema pia kwamba nafuu inayoonekana chombo kinapoingia mara nyingi ni ya ugeni wake, na ugeni ukiisha nafuu nayo inayeyuka. Hiyo ndiyo "sinema" yako. Mweke kwenye tafakuri, mkufunzi hatasema hujasoma. Lakini weka pia kwamba wapo waliombishia, maana kuna mambo chombo fulani kinayaonyesha ambayo ubao hauwezi. Elektroni hujawahi kuiona wewe wala mimi, na kuichora kwa chaki ikatembea haiwezekani.

Sasa la vitendo. Zima sauti. Mimi nimeacha kabisa kupiga video zenye sauti tangu niko shule ya mjini, sembuse huko. Weka video bubu, isimamishe katikati, waulize: nini kitafuata? Waandike utabiri wao kwenye daftari, ndipo ubonyeze iendelee. Mara ya pili mwite mwanafunzi asimulie yeye kwa lugha anayoiweza, kisha mtafute maneno ya Kiingereza ya mtihani kwa pamoja. Video ya dakika tatu inakula kipindi kizima na wala hawachoki, kwa sababu kila mmoja ameshaweka dau lake la utabiri na anataka kujua kama amepatia.

---

Mdau_Sahare:

Mimi niko Tanga na naomba nisimame upande wa mashine kidogo, maana naona mnaelekea kuizika.

Kati ya 2017 na 2019 mkoani kwetu kulikuwa na majaribio ya XPRIZE, shindano la kimataifa la kutafuta programu ambazo mtoto anajifunzia mwenyewe. Watoto karibu 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa sola. Wengi walikuwa hawajawahi kuingia shule. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Washindi walitangazwa 2019, wawili, wakagawana zawadi.

Angalieni tofauti na projekta ya dada. Kishikwambi kilikuwa mkononi mwa mtoto, kinaongea Kiswahili, na akikosea kinamrudisha bila kumcheka. Kwa hiyo tusiseme "teknolojia" kana kwamba ni kitu kimoja. Kioo kimoja ukutani kwa watoto sabini ni jambo jingine kabisa.

---

Mama_Wawili_Pasiansi:

Mi si mwalimu, ni mzazi. Kwa nini usitoe zawadi? Anayejibu anapata kalamu au pipi. Wangu wa darasa la nne mwalimu wake anafanya hivyo na mikono inanyooka kama msitu.

---

Fizikia_Nyamagana:

Mama, kwa swali la papo hapo inafanya kazi, sikatai. Ila kuna jaribio la 1973 la Lepper na wenzake kule Marekani, na watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Kundi la pili likapewa cheti kwa kushtukizwa, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili waliachiwa wachague mchezo wenyewe. Walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Kile walichokuwa wanakipenda bure kilishageuka kibarua. Na huyu mwalimu ana watoto ambao tayari wanajua kibarua ni nini na kinalipa kiasi gani. Pipi yake haitashindana na mwalo.

---

Mstaafu_Nansio:

Wanangu, nawasoma tangu jana.

Nilianza kushika chaki Ukerewe enzi ambazo chombo cha kisasa kilikuwa redio ya betri. Mwaka 1973, mimi bado kijana mdogo, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wakubwa wanakusanyika kwenye vikundi jioni, redio inawekwa katikati, kipindi kinasikilizwa, kikiisha kiongozi wa kikundi anaizima. Hapo ndipo kazi inaanza. Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Nani hana choo? Wiki inayofuata wanaulizana nani amechimba. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na vyoo vilichimbwa kweli, si vya kwenye karatasi.

Mnaona mlivyokuwa mnasema projekta ikizimwa darasa linazima. Pale redio ilikuwa inazimwa makusudi. Binti, wewe ukizima projekta unawaachia watoto kitu gani cha kufanya?

Na jambo la giza lisikutishe. Sisi tulikuwa tunapanga majaribio ya darasani kufuata mwezi. Siku za giza marudio mepesi, mwezi ukipevuka mada ngumu. Mkaguzi hakuwahi kutuuliza.

---

Kalamu_ya_Igombe:

Shikamoo mzee wangu, na wabeja sana wote. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nayajaribu.

Video bubu imefanya kazi kuliko nilivyotarajia, ila si kwa njia niliyopanga. Nilisimamisha pale taa mbili zinapounganishwa kwa mfululizo, nikauliza moja ikiungua itakuwaje. Kijana mmoja ambaye kwa kawaida namuona utosi tu, maana kichwa kiko dawatini, akasema bila hata kunyoosha mkono: "Madamu, hivyo hatufungi. Ukifunga hivyo taa moja ikifa mtumbwi mzima giza, dagaa wanatawanyika." Nikamwita mbele. Siku hizi huku karabai zinapungua, wanatumia taa za betri, na yeye kazi yake ndiyo kuziunga. Alichora ubaoni mtumbwi, betri, na taa zote zimeungwa sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri. Sikumfundisha mimi. Akaeleza pia kwamba ukiongeza taa betri "inachoka" kabla ya alfajiri, na hapo nikapata mlango wa kuingiza mkondo na chaji kwa Kiingereza cha mtihani bila mtu kusinzia.

Mdau wa Tanga, umenifanya nifute aya nzima. Nilikuwa nimeandika "teknolojia haisaidii", sasa naandika kuhusu nani ameishika.

Lakini kuna tatizo jipya, na sikulitegemea. Tangu siku ile wavulana wameteka somo. Taa za mtumbwini ni mambo ya wanaume, wasichana hawapandi usiku, wao na mama zao wanaanika. Yule binti wa mwandiko mzuri, aliyekuwa ameanza kunifuata na maswali, amerudi kunakili. Nimewasha nusu ya darasa na kuzima nusu nyingine. Hili nalifanyaje?

---

Mama_Wawili_Pasiansi:

Hapo umesema kweli. Dagaa akishuka mtumbwini ni wetu sisi. Ukitaka wasichana waongee, waulize kwa nini wa kwenye chanja wanakauka haraka kuliko wa mchangani. Watakujibu mpaka kengele ilie.

---

Hesabu_Buswelu:

Mama kamaliza nusu ya kazi, na hiyo ni Fizikia halali: uvukizaji, eneo linalopigwa na hewa, upepo unaopita chini ya chanja. Itunze kwa mada ya joto.

Kwa umeme wa sasa hivi, mimi ni mwalimu wa kike na nimelipitia hili. Usiwaombe wasichana wanyooshe mkono kushindana na waliolala na betri. Gawa vikundi, na sheria iwe moja: nyaya wanashika wasichana, wavulana mikono mgongoni, wanaruhusiwa kuongea tu. Wataalamu wako watalazimika kueleza kwa maneno kitu walichozoea kukifanya kwa vidole, na wataona hawakijui kama walivyodhani. Binti akiwasha taa kwa mkono wake, swali la kwa nini imefifia ni lake. Baada ya zoezi, yeye ndiye anachora ubaoni.

Projekta iache kabatini siku hiyo. Ukiirudisha, iweke mwishoni kama ya kuhakiki: waone elektroni baada ya kuwa wameshagombana kuhusu taa.

Kuhusu vifaa, usikubali kijana akuletee betri ya mtumbwini darasani hata akijitolea. Betri ya namna ile nyaya zikigusana inatoa moto, na tindikali ikimwagika utaandika maelezo badala ya tafakuri. Tumia betri ndogo za tochi, mbili kwa kila kikundi, globu za tochi na nyaya za simu zilizokufa, unazipata kwa mafundi wa Makoroboi kwa hela ndogo sana. Menya ncha mwenyewe usiku wa kuamkia kipindi, wembe usiingie darasani. Nunua na globu za akiba, katika kila kikundi yupo atakayeunganisha betri nyingi kupita kiasi aone nini kitatokea.

---

Chaki_na_Jasho:

Ukimaliza weka andalio la somo hapa, nami nalichukua. Wangu wa Kidato cha Pili wanafika mada hiyohiyo wiki ijayo na projekta yetu iko kwa fundi tangu mwaka jana.