Beikari yangu imezama kwa madeni, kuna anayejua mpango wa kulipa wanaonidai pole pole?

Mwoka Mikate
Wajameni salamu. Niko Likoni, Mombasa, nina beikari ndogo, ni kampuni imesajiliwa, madairekta ni mimi na mke wangu. Bei ya unga ilipopanda sikuongeza ya mkate, manake ukiongeza shilingi tano tu maduka yanahamia kwa mwengine, sa hasara ikajificha humo humo. Benki yanidai milioni 3.1 ya oveni na gari, mwenye unga milioni 1.9, landlodi miezi mitatu, wafanyakazi 14 hawajapata mshahara miezi miwili, na ile kodi ya mishahara nilikata sikupeleka. Juzi saa kumi alfajiri nafungua nakuta bahasha imesukumwa chini ya mlango, wakili wa mwenye unga, siku 21 nilipe ama waende korti kampuni ifungwe. Nikaisoma nimesimama, karatasi yote ikajaa unga. Na mikate yatoka jamani, kreti 90 kwa siku zote zaisha! Shemeji asema nimuuzie gari bei ya chini kabla madalali hawajaja, halafu nimlipe mwenye unga kimya kimya wengine wangoje. Mwengine asema kuna mpango wa kisheria mwakubaliana na wote. Nishike lipi?

Hesabu Safi
Kaka pole sana. Gari usiuze, nakuomba. Kampuni ikifilisiwa mauzo ya namna hiyo korti yaweza kuyabatilisha, na kumpendelea mdai mmoja vivyo hivyo, halafu wewe dairekta ndio utaulizwa. Huo mpango upo, uko kwenye Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015. Munaandika pendekezo, munamtafuta mtaalamu wa ufilisi mwenye kibali cha serikali alipime kama latekelezeka, wanaokudai wanaitwa mkutano wanapiga kura, likipita na korti ikiidhinisha linawafunga hata waliokataa, na mtaalamu huyo anabaki kusimamia malipo. Lakini benki imeshika oveni na gari kama dhamana ya loni, haki yake hiyo haiguswi bila yenyewe kukubali, so anzia benki, oveni ikibebwa hakuna mkate na hakuna mpango.

Mama Kreti
Mimi nasema kama mtu anayedai. Kuna mwenye duka alituita akatuahidi elfu 60 kila mwezi, mwezi wa tatu akakwama, hapo hata waliomhurumia wakamgeuka. Angesema elfu 25 ningekubali manake nilikuwa nshakata tamaa. Toa kwanza unga, umeme, mishahara, mafuta ya gari, kinachobaki mwezi mbaya ndicho useme, si mwezi wa Ramadhani. Na usidhani wanaodai wanataka ufungwe tu, ile supamaketi ya Uchumi, wanaoidai walikubali mpango wa aina hii Machi 2020, na supamaketi ya Nakumatt, miezi miwili kabla wanaoidai wakapiga kura ivunjwe. Tunaangalia kama duka bado lina kitu cha kuuza, na wewe unacho.

Ali wa Bondeni
Swali moja ndugu yangu, hiyo loni ya benki ulisaini dhamana kwa jina lako mwenyewe? Manake kampuni ikipata afueni wewe mdhamini hujaponyoka.

Mwoka Mikate
Nilisaini. Na mke wangu pia. Karatasi zilikuwa nyingi siku ile tukaambiwa sainini hapa na hapa. Na hizi siku 21 je, zimebaki 16?

Hesabu Safi
Basi hiyo dhamana iwekeni mezani mukiongea na benki, musiiache nje. Siku 21 usizilalie, deni likifika laki moja au zaidi na barua imefika ofisini, zikiisha bila kulipa wala kuelewana anaweza kuiomba korti ifilisi kampuni. Na kuandika pendekezo peke yake hakumzuii, kwa hivo mjibu wakili wake wiki hii, kwa maandishi, mwambie unatayarisha nini. Akikataa katakata muulize mtaalamu kuhusu kuiweka kampuni chini ya msimamizi, yaani mtaalamu wa ufilisi aiendeshe badala yenu, hapo madai yanasimama kwa muda. Na wafanyakazi waambie ukweli, mishahara yao ya karibuni sheria inaitanguliza mbele ya mwenye unga.

Mwoka Mikate
Shukran sana nyote. Gari liko uani, funguo nimempa mke wangu azifiche hata mimi nisizione. Nimekaa na daftari la mauzo la mwaka mzima, mwezi mbaya kuliko yote kilibaki elfu 74, si laki na nusu kama nilivyokuwa nikihesabu kichwani. Kesho kreti za alfajiri zikishatoka naenda benki nalo.