Gitaa: dole gumba linakaza, bega linapanda

Wakuu msaada, nikipiga gitaa kidogo tu dole gumba la kushoto linakaza, bega linapanda karibu na sikio, na kodi ya F (chord, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ndo inanimaliza kabisa. Shida ni mazoezi au?

nyuzi6: Unabonyeza kupita kiasi mkuu. Gusa uzi bila kubonyeza, piga, utasikia tak tak tu, alafu ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, ishia hapo hapo, hauhitaji zaidi. Na kidole kikae nyuma tu ya kile kichuma cha freti (vile vinavyokatiza shingo ya gitaa), ukiweka mbali nacho lazima ukamue.

mama_besi: Jaribu kupiga hiyo F dole gumba likiwa hewani, mkono wa kulia ubane gitaa kifuani, uzito wa mkono wa kushoto wenyewe ndo uvute vidole. Mwanzoni inakera balaa.

kimya: Na pumzi jamani, wengi wakifika sehemu ngumu wanaibana bila kujua, toa pumzi kabla ya kubadili kodi. Kama nyuzi ziko juu sana, mbali na shingo ya gitaa, fundi azishushe. Ila ukisikia ganzi usijikaze, acha kupiga umuone daktari.