Majirani Tabata Segerea: gari la Toyota IST haliwaki

Mama Brian: Habari za asubuhi majirani. IST haiwaki. Nikizungusha ufunguo inalia tiktiktik na taa za dashibodi zinafifia. Nani ana waya za kubusti, niazime umeme wa betri ya gari jingine?

Fundi Hamisi: Salama mama. Tiktik ya mfululizo na taa kufifia, hiyo ni betri. Ingekuwa "tak" moja na taa zinawaka vizuri, tungemshuku stata, mota inayozungusha injini. Acha kuzungusha ufunguo, unamaliza hata kale kaumeme kalikobaki. Tikisa vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Kikicheza, kaza kwa spana namba 10. Kuna unga mweupe au wa kijani?

Mama Brian: Havichezi, na hakuna unga.

Juma Bajaji: Vijana tuko hapa kona, tusukume?

Fundi Hamisi: Juma, hiyo ni auto, mtatoka jasho bure. Giaboksi ya auto inataka presha ya oili, na pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe. Injini imezima, matairi hayawezi kuivuta. Inayosukumwa ni ya gia za mkono: washa swichi, kanyaga klachi, weka gia namba 2, ikichanganya achia klachi ghafla, ikidaka kanyaga tena. Namba 1 inakaba matairi. Na betri ikifa kabisa hata hiyo haiwaki, kwa sababu pampu ya petroli haipati umeme.

Juma Bajaji: Basi nimbusti na bajaji 😀

Mzee Mushi: Volti 12 ni kweli, lakini betri yako ni ndogo. Stata ya gari inavuta ampea zaidi ya mia.

Baba Zuhura: Fuso yangu iko nje, naileta.

Fundi Hamisi: HAPANA mzee wangu! Fuso ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Utaunguza kompyuta ya IST.

Neema: Noah yangu ipo, waya ninazo. Nakuja mama.

Fundi Hamisi: Safi. Magari yasigusane, yote yazimwe, AC na redio pia. Kisha fuateni mpangilio huu:
Nyekundu kwenye chanya (+) ya IST.
Upande wa pili wa nyekundu, chanya ya Noah.
Nyeusi kwenye hasi (-) ya Noah.
Nyeusi ya mwisho MSIIWEKE kwenye betri ya IST. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, pasipo na rangi.

Neema: Mbona mafundi wengi wanaweka hasi kwa hasi?

Fundi Hamisi: Inawaka, ndiyo maana wanaendelea. Ila klipu ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inatoa hewa ya haidrojeni ambayo inalipuka. Cheche ziwe mbali nayo. Sasa washa Noah, kanyaga mafuta kidogo, subiri dakika 5. Halafu mama uwashe IST, usizidishe sekunde 5 kwa mara moja, ikigoma pumzika dakika moja.

Mzee Mushi: Na mguse waya. Ikipata moto sana ni nyembamba. Nyingi za barabarani ni plastiki nene, shaba kidogo ndani. Mkienda kuzinunua Gerezani, ulizeni unene wa shaba yenyewe, milimita za mraba 16 kupanda.

Zainabu: Shikamoo Mzee Mushi. Na Aqua yangu je, naweza kumbusti mtu?

Mzee Mushi: Marahaba mwanangu. Kupokea sawa, kutoa usitoe. Aqua ni haibridi, ya petroli na umeme, haina stata kama ya IST, mfumo wake haukutengenezwa kwa mzigo huo. Na waya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa.

Mama Brian: IMEWAKA 🙏🙏

Fundi Hamisi: Hongera. Toeni kinyume: nyeusi ya kwenye injini kwanza, nyekundu ya IST mwisho. Taa nyekundu ya betri imezimika?

Mama Brian: Imezimika.

Neema: Nina mita. Nipime wapi?

Fundi Hamisi: Kwenye vichwa vya betri, injini ikiwaka. Ikisoma volti 13.8 hadi 14.5, alternata inachaji. Na mtu asije akamwambia mama atoe kichwa cha betri injini ikiwa inawaka "kujaribu alternata". Volti zinaruka, kompyuta inakufa.

Neema: 14.1

Fundi Hamisi: Alternata nzima. Mama, kubusti siyo kuchaji. Foleni ya Buguruni ukiwa sailensa (gari limesimama, injini inawaka tu) na AC, betri haipati kitu cha maana. Jioni ipelekwe kwenye chaja ilale huko, asubuhi, kabla hujaifunga, ipimwe: 12.6 imejaa, 12.0 baada ya chaja ya usiku mzima ni ya kubadilisha. Kama ni ya vifuniko, cheki maji. Ongeza maji ya betri tu, siyo asidi, na siyo ya kisima, chumvi yake inakula sahani za ndani ya betri.

Mama Brian: Ina miaka 3 sasa.

Mzee Mushi: Kwa joto la Dar hiyo ni umri. Ukinunua mpya angalia herufi L au R kwenye namba yake ifanane na ya zamani, la sivyo waya hazifiki kwenye vichwa.