Mbegu ya mahindi nlojiwekea imeota kila mmoja na kimo chake, nimekosea wapi?

mkulima_mwakirunge
Salaam aleikum wanajamvi. Nalima ekari moja na nusu huku Mwakirunge, Mombasa. Masika ya mwaka jana nilinunua mbegu ya PH4 kwa agroveti, mashallah nikavuna vizuri, nikaona ya nini kurudi kutoa pesa tena, nikachagua mahindi makubwa makubwa kwa ile rundo nikaweka mbegu. Sasa nimepanda na mvua hizi, mengine yamenipita kichwa mengine yanifika kiunoni na yashatoa mbelewele, kuna mabua hayana hata hindi moja. Jirani asema udongo umechoka. Na ile mbegu nlobakisha kwa debe imeingia fukusi, ukifunua ni unga tu chini. Nikichagua tena kwa haya haya ntapata kitu? Na kunde je?

mamakunde
Waaleikum salaam. Udongo mnausingizia bure. PH4 ni haibridi, wazazi wake ni mbegu mbali mbali zilizokutanishwa makusudi, ile nguvu ni ya uzao wa kwanza tu. Ukipanda watoto wake kila mmoja amfuata babu wake, ndio hayo waona. Usichague hapo, hayo kula.

Wataka mbegu ya kujiwekea tafuta isokuwa haibridi, kama coast composite, ama hizi za kwetu kina mdzihana na mengawa, wazee huko Rabai na Kaloleni bado wanazo. Na usichagulie kwa rundo!! Kwa rundo huoni mama yake alikuwaje, hindi laweza kuwa kubwa kwa sababu lilisimama peke yake karibu na choo cha mbuzi. Ingia shambani mabua yakiwa bado mabichi, yaliyo na afya yafunge kitambaa, katikati ya shamba si ukingoni, maana upepo waleta vumbi la mbelewele kutoka kwa jirani. Funga mengi, hata mia, ukichukua matano sita kila mwaka mbegu yadhoofika. Ukipukuchua acha punje za ncha na za kitako, chukua za kati.

Kunde hazina shida hiyo, zajichavusha zenyewe, ulichopanda ndicho utakachopata. Ila chuma mapema zikikauka, fukusi wake huanzia shambani.

kaskazi_likoni
Mama kamaliza. Mimi naongeza hilo debe. Hapa pwani hewa yenyewe ni maji, mbegu ukiianika siku mbili ukadhani imekauka bado. Fanya hivi, chukua chupa ya gilasi kavu tia mahindi kidogo na chumvi kavu utikise, chumvi ikigandia kwa chupa rudisha juani. Ikiwa kavu kabisa tia kwa mtungi wa plastiki ujaze mpaka juu, ufunge hewa isiingie, fukusi watakufa kwa kukosa pumzi. Debe la kifuniko kilegevu ni kuwafugia. Nyanya yangu alikuwa akitundika mahindi na maganda yake juu ya meko, yawa meusi kwa moshi na hayaguswi, lakini sasa wapikia gesi moshi utautoa wapi 😂

bwana_shamba_wa_uongo
Na nyinyi hamuogopi kushikwa? Si kuna faini ya milioni

mamakunde
Hiyo ilikuwa ya kuuza na kubadilishana mbegu isosajiliwa, faini mpaka milioni moja ama jela miaka miwili. Novemba 2025 High Court ilisema vifungu hivyo vyaenda kinyume na katiba. Lakini usianze kutia kwa pakiti na kuuza sokoni kisha useme nilikwambia mimi.

mkulima_mwakirunge
Shukran sana. Nimepata kibaba cha mdzihana kwa ami mmoja Rabai, akakataa pesa akasema nikivuna nimrudishie viwili. Nikachukua punje 100 nikazifunga kwa gunia bichi, leo siku ya saba nimehesabu zimeota 71. Nipande ama nitafute nyingine?

kaskazi_likoni
Panda, si mbaya. Badala ya mbili tia tatu kwa shimo, ukipalilia wang'oa zilizozidi. Na umwambie jirani apande PH4 yake mbele yako wiki nne, zisitoe mbelewele pamoja.

mkulima_mwakirunge
Jirani ashapanda jana 🤦🏾‍♂️ basi mimi ndio ntangoja