Uzamivu kuhusu riwaya za Gothiki na majengo yake: nipunguze vipi mada?

Msoma_Minara
Wakuu, naandaa pendekezo la uzamivu kuhusu riwaya za Gothiki, zile za kutisha zenye ngome za kale na mizuka: "Ngome na hofu katika riwaya za Kiingereza, 1764–1824". Nimeambiwa ni pana mno. Nikate wapi? Na je, lazima nisomee usanifu majengo?

Tao_Chongo
Mkuu, miaka 60 haienei kwenye tasnifu ya maneno 80,000. Shika nyumba moja na kitabu kimoja. Strawberry Hill, nyumba ya mwandishi Horace Walpole kule Twickenham, Uingereza, ina nyaraka tele: barua za Walpole zimetolewa na Chuo Kikuu cha Yale katika mabuku 48, na mtandaoni unazisoma bure.

Mtego uko kwenye tarehe. *The Castle of Otranto*, riwaya ya Walpole, ilitoka Desemba 1764. Maelezo ya nyumba aliyoyachapa Walpole mwenyewe ni ya 1774, akayapanua 1784. Watu huchukua chumba cha kwenye maelezo hayo wakadai ndicho kilichozaa riwaya, kumbe Mnara wa Beauclerk wa nyumba hiyo, kwa mfano, ni wa 1776! Kwa hiyo anza na jedwali: chumba, mwaka kilipokamilika, ushahidi. Kisichotangulia 1764, kitoe.

Nguzo77
Shahada ya usanifu si lazima. Jifunze kusoma ramani ya sakafu na mchoro wa mkato, ujue pia kitu kimejengwa kwa vifaa gani. Dari la ukumbi mrefu wa Strawberry Hill limeiga kanisa la Henry VII pale Westminster, ila pale ni mawe, hapa ni rojo la karatasi lililokaushwa. Ngome ya karatasi iliyojengwa na mwandishi: hapo pana sura nzima.

Tena usidhani jengo hutangulia kitabu siku zote. Mwandishi William Beckford alitoa riwaya *Vathek*, yenye mnara wa ngazi 11,000, mwaka 1786. Nyumba yake ya Kigothiki, Fonthill Abbey, ilianza kujengwa 1796, na mnara wake ukaporomoka 1825.

Kuhusu ajira, nafasi zenye jina "Gothiki" ni chache sana. Jiandae kuomba za fasihi ya karne ya 18, uwe na makala moja inayoonyesha unaweza kufundisha hata ushairi wa kipindi hicho.

Msoma_Minara
Asanteni. Kwa Walpole, ni sehemu gani ya nyumba inayopita kwenye jedwali?

Tao_Chongo
Ngazi kuu, na pale juu penye silaha. Machi 1765 alimwandikia rafiki yake William Cole kwamba riwaya ilitokana na ndoto: aliota yumo ndani ya ngome ya kale, akaona mkono mkubwa mno wenye deraya kwenye ukingo wa juu wa ngazi. Anzia kwenye barua hiyo.