Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa nini tunakatwa wapangaji? Ngamiani tumechoka!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo maneno yakinitoka makali mnivumilie. Nimenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya buku mbili (shilingi 2,000), meseji imerudi na uniti 1.4. Moja nukta nne! Na wala mtandao haujakosea. Buku jero (1,500) imekwenda kwenye kodi ya jengo, inayokatwa kila mwezi humo humo kwenye LUKU, jero (500) iliyobaki ndiyo ikanunua umeme, na hiyo jero nayo ikamegwa VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Nyumba yetu ina friji la mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Uniti 1.4 haimfikishi hata saa sita usiku.

Na jengo lenyewe si langu. Nimepanga chumba kimoja.

Kwa msiokaa Tanga: nyumba nyingi za Ngamiani ni zile za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo, bafu na majiko ya mkaa. Kwetu kulikuwa na mita moja, wapangaji wakagombana kuhusu nani anapiga pasi sana, mwenye nyumba akaona bora aweke ya pili, upande wa kulia mita yao, wa kushoto mita yetu. Tukashangilia. Kumbe tumejiletea balaa, maana sasa zinakatwa mita zote mbili. Nyumba moja, ya chini, bati kuukuu, inatoa elfu tatu kila mwezi badala ya 1,500. Kwa mwaka ni 36,000 wakati kiwango cha nyumba ya kawaida ni 18,000. Tangu utaratibu huu unaanza Agosti 2021 tuliambiwa kwamba nyumba moja yenye mita zaidi ya moja itakatwa kwenye mita moja tu. Sawa, lakini anayetakiwa kwenda kuomba ya pili iondolewe ni mwenye nyumba, na yeye ana haraka gani? Haitoki mfukoni mwake.

Mjue kinachotokea kwetu kila tarehe moja. Makato yanabebwa na mtu wa kwanza kununua umeme mwezi ukianza. Basi hapo hanunui mtu. Uniti zinasoma 0.8, mita inalia pii pii usiku kucha, kila mtu kajifungia chumbani na tochi ya simu, anamsikilizia mwenzake. Dereva bajaji anasema atanunua kesho. Binti wa chuo anasema hajatumiwa hela na kwao. Mwisho anayeshindwa kuvumilia mara nyingi ni yule yule mama wa barafu, kwa sababu mtaji wake unayeyuka. Yaani kodi ya jengo la mtu mwenye nyumba tatu mjini hapa inalipwa na mama wa barafu za mia mia. Tumewahi kupanga zamu, zamu ikafa baada ya mmoja kuhama bila kuaga.

Jibu la wakubwa tangu mwanzo ni kwamba mpangaji akikatwa amdai mwenye nyumba, au wakubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Jamani! Hivi aliyetunga hilo amewahi kupanga? Chumba tunalipa miezi sita mbele, mikataba mingi ni ya mdomo, na mwenye nyumba akinuna tu unaambiwa mwanawe anaoa, anahitaji chumba. Nani ataenda kugonga mlango wa mtu huyo amwambie "shikamoo mzee, naomba buku jero yangu"? Haki ambayo ukiidai unalala nje mimi siiiti haki.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema buku jero ni hela ndogo, tuache kulialia. Ilianza ikiwa buku. Mwaka 2023 ikapanda, kutoka 12,000 kwa mwaka hadi 18,000, na ghorofa kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima kwa mara moja. Tozo ya miamala ya simu ilipokuja Julai 2021 nchi nzima ilipiga kelele, wakaipunguza, baadaye wakaipunguza tena. Hii ya jengo imekuja mwaka ule ule na imepita kimya, kwa sababu imejificha nyuma ya tarakimu ishirini za token. Mtu akiona umeme haukai anadhani friji ni bovu.

Halafu hicho kiwango. Chukueni bodaboda kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, ni mwendo mfupi tu. Kule kuna nyumba za chini zenye bustani, viyoyozi kila chumba, baraza linatazama bahari. Kwa kuwa haina ghorofa, hiyo nayo ni "nyumba ya kawaida", 18,000 kwa mwaka. Sawa sawa na hii yetu inayovuja koridoni. Zamani kodi ya majengo ilikwenda na thamani ya jengo, mthamini anapita, anapima, anaandika. Ni kweli ilikuwa kazi ngumu, majengo mengi hayakuthaminiwa na watu walikwepa mno. Lakini dawa ya uthamini mbovu ilikuwa kuurekebisha. Wao wakachagua kisichowasumbua: weka bei moja, chomeka kwenye umeme, kila mtu atanunua umeme tu. Kwa mkusanyaji ni raha tupu. Na kusema kweli kama mfumo wa kukusanya mimi siupondi, umewashika hata waliokuwa wakimkimbia mtendaji miaka nenda rudi. Ninachopinga ni kwamba umemshika aliye karibu na mita ukamwacha mwenye hati.

Kuna mzee jirani yetu, barabara ya nyuma. Ameshapita sabini. Anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, hana nyingine. Kisheria nyumba moja anayokaa mwenyewe mtu aliyetimiza miaka 60 inasamehewa kodi hii. Msamaha upo, lakini mita haijui umri wa mtu. Inabidi mzee mwenyewe atoke akathibitishe. Kijana wake alimpandisha bajaji wakaenda kwenye ofisi moja hapa mjini, wakaambiwa walete barua ya serikali ya mtaa, wakaleta, wakaambiwa jina kwenye mita si lake. Kweli si lake, ni la marehemu kaka yake aliyeingiza umeme enzi hizo. Sasa akafungue mirathi ili asikatwe buku jero? Amekata tamaa, anakatwa mpaka leo.

Na hela yenyewe inakwenda wapi? Kodi ya majengo kwa asili yake ni hela ya halmashauri, ya mitaro, taa za barabarani, taka. Mwaka 2016 Serikali Kuu ikaanza kuihamishia TRA (Mamlaka ya Mapato), toka hapo halmashauri zinasubiri kugawiwa. Ada ya taka tunalipa kivyake, kijana anapita na kitabu cha risiti. Masika mtaro ukijaa maji yanaingia mpaka koridoni, tunabeba magodoro juu ya meza. Ukimuuliza diwani, hela iko Dodoma. Ukiwauliza wakusanyaji, wao wanakusanya tu. Ukienda kwa watu wa umeme, wao wameazima mfumo wao tu. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana inaudhi. Greda lilikuja mara moja, likakwangua mtaa mmoja, jioni halipo. Ule usemi wa Tanga, waja leo waondoka leo, sasa hata greda nalo linaufuata!

Wasije watu kusema sioni mazuri. Bandari yetu imewekewa zaidi ya bilioni 429, kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushushia kule nje. Chumba cha pili yupo kijana kibarua bandarini, anakula huko, namshukuru Mungu. Lakini nchi inayoweza kuchimba bahari mita kumi haishindwi kujua mita fulani iko kwenye nyumba ya nani na anayekaa humo ni mpangaji. Nyie wakusanyaji, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mwenye nyumba mnayo, laini zake za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, leseni ya biashara anayo. Mtumieni yeye ankara kwenye simu yake. Akigoma, kateni mita ya nyumba anayolala yeye. Mtashangaa ataikumbuka ile mita ya pili siku hiyo hiyo.

NYONGEZA: Naona wadau wameshaanza kujibu. Anayesema nihame, nihamie wapi, Makorora wanakatwa, Mabawa wanakatwa, Chumbageni wanakatwa. Anayesema mimi ni mpinzani, sina kadi ya chama chochote, nina risiti za LUKU. Anayeuliza kwa nini hatujapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa: tulipeleka. Wagombea walipita hapa uchaguzi wa Novemba 2024 wakaahidi taa na mtaro, tukamfuata aliyeshinda, akatusikiliza vizuri, akaguna. Naye kapanga.

Anayejua njia ya kweli naomba aiweke hapa, siyo "nenda ofisini kwao". Kama umewahi kuondolewa makato kwenye mita ya pili, sema ulipeleka karatasi gani, ilichukua muda gani, na kama mpangaji anaweza kuifanya hiyo kazi mwenyewe bila sahihi ya mwenye nyumba. Na wa yule mzee, mita ya jina la marehemu, kuna aliyefanikiwa?